Sauti Aliyorudi Nayo Blessing

Jumapili, 9 Machi

Leo mtoto wangu amenisalimia kwenye simu kwa sauti ya mtu nisiyemjua.

Sauti yenyewe ni yake, ile nyembamba ya miaka mitatu na nusu. Nasemea ule mwendo wake wa kuongea. Blessing alipotoka hapa Lemara mwezi wa kumi na moja alikuwa anaongea kama sisi, maneno yanakatwa kama kuni. Leo ananiambia, "Mama, hujambo? Wanikumbuka lakini?" Hilo "lakini" kalivuta mpaka likapinda mwishoni. Nikacheka. Simu ilipokatika nikaacha kucheka.

Blessing yuko Akheri kwa mama mkwe. Mimba ya Ezra ilinipandisha presha, daktari akasema nilale. Baba yao yuko Singida kwenye barabara wanayojenga, kwa hiyo Mama akashuka akamchukua mjukuu. Pale yupo Mama peke yake na ng'ombe wawili. Kiswahili cha Mama ni cha Kimeru kabisa, kizito, kimenyooka. Sasa mtoto ameipata wapi sauti ya Tanga?

Naandika huku nyuma ya daftari la vipimo vya sare kwa sababu nikimwambia mtu ataniambia ni uchovu wa kunyonyesha. Uchovu ninao, sikatai. Ezra ana miezi miwili na hajui kama watu hulala. Lakini masikio yangu hayajachoka.

Jumanne, 11 Machi

Mvua imeanza. Nepi hazikauki.

Alhamisi, 13 Machi

Nimempigia Mama.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba, Mama Blessing. Ezra ananyonya?"

"Ananyonya vizuri. Mama, Blessing anacheza na nani huko?"

"Anacheza na kuku."

"Mbona anaongea kama watu wa Pwani?"

"Aa, si redio hiyo. Nawasha asubuhi mpaka jioni. Watoto wanaokota kila kitu."

Nikasema haya Mama, nikaaga.

Redio ya Mama naijua. Iliharibika kabla ya Krismasi, Baba Blessing akaahidi ataipeleka kwa fundi. Iko hapa kwangu, chini ya meza ya cherehani. Nimeitazama mchana kutwa wakati nashona.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemweleza Mama Lesian wa chumba cha pili. Ni Mwarusha wa Olmotonyi, na anajisifu kwamba mtu akisema shikamoo tu yeye anajua alinyonyeshwa wapi. Siku nahamia hapa nilimwomba ndoo, akaniangalia, akasema, "Wewe ni wa Rombo. Umejificha, lakini ni wa Rombo."

Ni kweli nilijificha. Nililetwa mjini kwa mama mdogo nina miaka kumi na miwili, na darasa zima lilikuwa linasubiri niitwe kusoma ili licheke. Nikawa nakaa kimya, nasikiliza wenzangu wanavyokata maneno, najaribu peke yangu chooni. Miaka miwili Rombo ikaisha mdomoni. Inarudi nikikasirika tu.

Mama Lesian alikuwa anachambua maharage. Akasema, "Yeyo," ndivyo anavyomwita kila mama, "sikiliza. Mtoto haokoti sauti kwa mtu anayepita njiani. Anaokota kwa mtu anayemlisha."

"Anayemlisha ni mama mkwe."

"Basi mama mkwe wako amezaliwa upya Tanga." Akacheka mpaka maharage yakamwagika. Mimi sikucheka.

Jumanne, 18 Machi

Ezra kalala saa mbili mfululizo. Nimeshona sketi nne.

Jumamosi, 22 Machi

Nimetoka Akheri. Nimefunga mlango, naandika kabla sijasahau mpangilio.

Bodaboda kutoka Tengeru alinifikisha kanisani, akasema juu hapandi, tope. Nikapanda kwa miguu, Ezra mgongoni. Kabla sijafika getini nilimsikia Blessing anacheka. Alipaza sauti, "Mama kaja! Mama kaja na mtoto!" na papo hapo mlango wa jikoni ukafungwa. Blessing alikuwa uwanjani na Mama alikuwa migombani. Mlango haukujifunga wenyewe, upepo haukuwepo.

Mtoto amenenepa. Amesukwa vizuri, mistari imenyooka kama ya mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Mama vidole vyake vina baridi yabisi, hawezi kushika hata sindano.

Chakula kilikuja: ndizi na maharage. Nilipoonja maharage nikaonja tena. Yalikuwa na nazi. Mama mkwe wangu, ambaye kila mwaka wa ndoa yangu ananiambia nazi inampa kiungulia.

"Mama, umeanza kula nazi?"

"Mtoto anapenda," akasema, akaangalia sahani.

Ndipo akapita mwanamke nyuma ya nyumba, na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Mrefu, kanga imefungwa kichwani mpaka kwenye nyusi. Nikamsalimia. Akainamisha kichwa, akapita, mguu mmoja anautupa kidogo.

"Ananisaidia majani," Mama akasema haraka. "Ni bubu, maskini. Anatoka upande wa Olmotonyi."

"Tangu lini?"

"Siyo muda."

Nilipokuwa natoka, Ezra alipiga chafya mgongoni kwangu. Yule mwanamke alikuwa zizini, hajatuona, na nikaona bega lake linageuka upande wetu. Anasikia basi. Sawa, bubu wengine wanasikia. Lakini aligeuka kama mtu anayetaka kusema kitu, kile ambacho kila mtu humwambia mtoto akipiga chafya. Alifungua mdomo kabisa. Akaufunga.

Nimemwacha Blessing kule. Nilitaka kumbeba, lakini watoto wawili na tope lile singeweza. Sijisifu kwa hilo.

Jumapili, 23 Machi

Mama Lesian: "Bubu wa Olmotonyi? Olmotonyi ipi? Kule bubu wetu ni wawili, na wote wana ndevu."

Ijumaa, 28 Machi

Mvua siku nne. Mlima hauonekani, kama umehama.

Jumatano, 2 Aprili

Baba Blessing alimpigia mama yake asubuhi, akaongea na mtoto. Halafu akanipigia mimi.

"Mtoto ana nini mdomoni?"

"Hana kitu. Kwani vipi?"

"Anaongea kama..." Akaacha. "Nani yuko pale kwa mama?"

"Kuna bubu mmoja anakata majani."

"Bubu."

"Ndiyo, bubu."

Nilisikia greda linanguruma huku kwake. Kisha akauliza taratibu, "Umewahi kumsikia akiongea?"

"Baba Blessing! Bubu nitamsikiaje akiongea?"

Akasema mtandao mbaya. Mtandao haukuwa mbaya.

Nimekaa na hilo swali toka asubuhi. Mtu hawezi kuuliza kama bubu anaongea isipokuwa anamjua. Na barabara zimempeleka mume wangu Elinami kila mahali. Handeni alikaa miezi minne, kabla sijapata Blessing. Handeni ni Tanga.

Sitaki kuliandika ninalofikiri. Nitaliandika: ana mwanamke, na amemficha kwa mama yake, na mwanamke huyo analea mtoto wangu.

Jumatatu, 7 Aprili

Sikula.

Jumanne, 8 Aprili

Nimekula, maziwa yalipungua. Ezra hana kosa.

Alhamisi, 17 Aprili

Mama amemleta Blessing kwa ajili ya Pasaka. Amekunywa chai amesimama, akasema ng'ombe wanamsubiri, akaondoka. Alikuwa haniangalii machoni.

Nilifungua begi la mtoto nifue nguo. Katikati ya magauni kulikuwa na jani la isale, limekunjwa na kufungwa fundo.

Mtu wa mahali pengine angeona jani. Mimi ni Mchaga, nimezaliwa kwenye uzio wa masale, na Wameru nao wanalijua vilevile. Isale lenye fundo ni mtu anapiga magoti kuomba msamaha. Ukiletewa huwezi kukataa, hata kama aliyekukosea amekuchomea nyumba. Na hakuna anayelifunga bure. Likishafungwa, kosa lipo.

Nilijua moja kwa moja kwamba wamemfanyia mtoto wangu jambo, na wameshindwa kuniambia kwa mdomo. Nilimvua nguo mchana mweupe, nikamkagua kila mahali, mgongo, mapaja, nyuma ya masikio, huku nikitabasamu ili asiogope. Hana hata mkwaruzo. Ana afya kuliko mimi.

"Blessing, nani kakuumiza kule kwa bibi?"

"Hakuna. Jogoo tu. Kanidonoa siku moja, Bubu akamtukana."

"Bubu akamtukana?"

"Ee. Kamwita mshenzi."

Nilikaa chini kwenye ndoo.

"Bubu anaongea, mama yangu?"

Akaweka kidole mdomoni. "Siri. Bubu kanifunza kuhesabu mpaka thelathini. Isale la baba liko wapi? Kasema nimpe baba tu."

La baba. Siyo langu, siyo la mtoto. Sasa kosa liko kati ya huyo mwanamke na mume wangu, kama nilivyofikiri.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Kanisani Blessing alihesabu mishumaa kwa sauti. Mwanakwaya mmoja akageuka akaniuliza, "Huyu mmemtoa Tanga?" Nikasema ndiyo, nikaona ni rahisi.

Jumanne, 22 Aprili

Mama amepiga kuuliza atakuja lini kumchukua. Nimemwambia Blessing harudi. Akauliza kwa nini. Nikasema redio ya kule inaongea sana.



Alhamisi, 24 Aprili

Blessing hali. Anakaa mlangoni anaangalia mvua, anauliza Bubu atakula na nani. Nimemsuka mimi, akaniambia, "Mama, waniumiza." Nimemsuka kwa upole, naapa. Nimeumia kuliko yeye.

Isale nimeliweka kwenye kopo la maji dirishani. Kulitupa siwezi.

Jumamosi, 26 Aprili

Nitaandika yote.

Nilimwachia Mama Lesian Blessing, nikambeba Ezra, sikumpigia mtu simu. Kutoka lami nimepanda kwa miguu, viatu mkononi, mvua inanipiga usoni. Sikupita getini. Nilizunguka kwenye migomba, nikaja kwa nyuma, upande wa zizi.

Nikamsikia. Alikuwa anakamua, anaongea na ng'ombe. "Tulia basi mama, tulia. Wanikanyaga, mie nimekukosea nini?" Ilikuwa sauti ya mwanangu kabisa, ila ya mtu mzima. Hapo ndipo nilipojua imetoka wapi, na nikaona wivu kabla ya hasira.

Nikasema, "Hodi, Bubu."

Hakushtuka. Aliweka ndoo pembeni isimwagike, akafuta mikono, akasimama. Kanga ikateleza kichwani. Akasema, "Karibu, wifi. Mlete mtoto hapa kwenye kavu, analowa."

Wifi. Nilikuwa nimepanda mlima mzima nimejiandaa kwa mke mwenza, na mke mwenza haniiti wifi. Nikamwangalia uso. Masikio yale yaliyochomoza ni ya Elinami. Na Ezra anayo.

"Wewe ni Violet," nikasema.

"Ndiye."

Violet ni dada ya mume wangu. Nimelisikia jina mara moja tu. Elinami aliniambia wakati wa uchumba, nilipombana kwa maswali: alikuwa na dada, alipotelea Tanga, hata msiba wa baba hakuja, na jina lisitajwe tena. Sikulitaja.

Akanisimulia huku mvua inapiga bati. Aliondoka hapa na miaka kumi na mitatu. Mwalimu wa shule ya kijiji alihamishiwa Tanga, mkewe akamwomba Mama ampe binti wa kumsaidia watoto. "Kila nikifungua mdomo wanacheka," akasema. "Wananiita Mmeru wa ng'ombe. Nikajifunza kuongea kama wao. Nilijifunza vizuri mno, wifi. Nikaolewa kulekule, na siku moja nikajisikia ninavyoongea, nikajiuliza huyu nani."

Nilitaka kumwambia mimi nilijifunzia chooni. Sikumwambia, nilikuwa bado namshuku.

"Kwa nini hukuja msibani?"

"Nilikuja." Alisema kama mtu aliyechoka kubeba kitu. "Miaka sita sasa, wewe hujaolewa bado. Basi liliharibika Korogwe, nikafika wameshazika. Nimejifunga ushungi, nikasimama getini nikasema, poleni wenyewe, poleni jamani. Elinami akatoka. Nilimwacha ana miaka minane, nikamkuta ana ndevu. Akanitazama mpaka miguuni. Akasema, 'Mama, umekosea msiba. Dada yangu hakuwa na sauti hiyo.' Watu wakacheka kidogo, wale wa jikoni. Kijana mmoja akanionyesha njia ya kurudi barabarani, kwa heshima kabisa."

Mume wake alifariki mwaka jana. Mwezi wa kumi akarudi kwa Mama. Na Mama akaogopa, kwa sababu baada ya msiba Elinami alisema yule mwanamke akirudi yeye hakanyagi tena pale. Wakakubaliana akija mtu Violet awe bubu. Majirani wa karibu wanajua, wamenyamaza. Mimi tu ndiye nilikuwa mjinga.

"Ushungi ningeuvua," akasema. "Sauti ningeivua vipi? Ndiyo nikamfungia isale. Jani litasema."

Mama alikuwa amesimama mlangoni muda mrefu. Nilimgeukia, na nikasikia Rombo yote inatoka mdomoni mwangu, kama ilivyokuwa siku ya kwanza naletwa mjini. Nilimwambia ni mama yangu na namheshimu, lakini alichukua mtoto wa miaka mitatu akamfundisha kutunza siri ya watu wazima, na hilo silipendi na halitarudiwa. Nikasema Blessing hakanyagi hapa mpaka baba yake ajue nani anamlea. Mama akakaa kwenye kigoda, akafunika uso na kanga.

"Ni haki yako, wifi," Violet akasema. Halafu, wakati nafunga Ezra mgongoni, akauliza, "Anakula?"

"Nani?"

"Blessing. Maharage anayataka yapoe kwanza."

Nikasema anakula. Nilidanganya.

Jumatano, 30 Aprili

Nimepoza maharage. Amekula sahani mbili.

Jumapili, 4 Mei

Na kama siye Violet? Mama alishanidanganya kuhusu redio, anaweza kunidanganya kuhusu binti. Masikio siyo cheti. Nimekuwa mtu wa kushuku mpaka nashuku chumvi. Mama Lesian anasema nikienda polisi wataniajiri.

Ijumaa, 9 Mei

Nimemtega Elinami kwenye simu. Nikasema nimeota dada yake.

"Umeota nini?"

"Sikumwona uso. Alikuwa na alama yoyote?"

Akaongea kama anajisemea mwenyewe. "Anatupa mguu wa kushoto akitembea. Alianguka kwenye mparachichi akinichumia mimi. Hata awe mbali vipi ungemjua kwa mguu."

Nikashukuru, nikakata. Nikamkumbuka yule mwanamke na mzigo wa majani. Ndiyo, anautupa. Ni Violet.

Halafu nikaendelea kushona, na nikafika kwenye mfuko wa sketi, nikasimamisha cherehani. Siku ile ya msiba aliondoka getini kwa miguu. Elinami alibaki getini, lazima alimwona akienda. Njia ile imenyooka mpaka kanisani.

Alimjua.

Nimeishi na huyu mwanaume miaka mitano, na nilikuwa namshuku kwa kosa ambalo silo.

Jumamosi, 17 Mei

Nimempeleka Blessing Akheri kutwa, nikiwa naye, ingawa nilisema hakanyagi. Alivyomrukia shangazi yake nisingependa kuandika.

Violet anajifunza kuongea kama watu wa Akheri, ili Elinami akija asikie dada. Alijaribu mbele yetu. Alikaza mdomo, akakata maneno, akasema, "Karibu nyumbani, umechoka na safari." Ilikuwa kama mtu anayetuigiza harusini. Blessing akacheka mpaka akakaa chini. Mama naye akacheka, nilikuwa sijamsikia akicheka toka mwaka jana.

"Acha, wifi," nikamwambia. "Atadhani unamdhihaki."

"Nifanyeje basi?"

"Kimeru unacho?"

Akaona haya. Kimeru chake kilisimama palepale alipokiacha, ni cha mtoto wa miaka kumi na mitatu, akasema. Tanga hakuwa na mtu wa kukiongea naye, kwa hiyo hakikuguswa na mtu. Msibani aliogopa kukifungua mbele ya wazee, mtu mzima na maneno ya mtoto.

"Elinami ana Kimeru gani yeye?" nikamwuliza Mama.

Mama akatikisa mkono. "Cha mjini. Neno moja Kimeru, mawili Kiswahili."

Jumatano, 21 Mei

Jua kidogo. Nepi zote zimekauka siku moja. Nilizishika usoni.

Jumamosi, 24 Mei

Elinami anakuja Ijumaa. Nimemwambia Jumamosi tunakwenda kwa Mama sote. Akauliza, "Yule bubu bado yupo?"

"Yupo."

"Sawa," akasema. Nilitegemea akatae. Hakukataa.

Ijumaa, 30 Mei

Amefika. Amekonda, vumbi la barabara limeingia mpaka kwenye kope. Blessing akamwambia, "Shikamoo baba, wanionea fahari?" sijui kalitoa wapi. Elinami akamkumbatia, akamshikilia muda mrefu, macho yako ukutani. Aliona isale dirishani kwenye kopo. Limetoa mizizi midogo myeupe. Hakuuliza, na mimi sikumwambia ni la nani. Nilitaka apewe na mwenye kutumwa.

Jumamosi, 31 Mei

Mvua imekwisha kweli. Leo mlima ulikuwa wazi mpaka juu.

Tulipofika getini Blessing akakumbuka kazi yake. Alikuwa amelibeba isale tangu nyumbani, ndani ya mfuko wa plastiki na maji yake. Akamwambia baba yake, "Hili lako. Bubu kakupa."

Elinami akalipokea. Alilishika kama mtu aliyeshikishwa mtoto mchanga na hajui kumbeba. Akasimama palepale getini, pale aliposimama siku ile, na hakuingia.

Violet akatoka jikoni. Sikumkumbusha la kufanya, nilikuwa nimemwambia mara moja tu, na ni mtu mzima. Alikuja mpaka katikati ya uwanja, akitupa mguu wake, kichwa wazi. Akafungua mdomo, akaufunga. Nikaogopa atakaza ile sauti ya kuigiza.

Akamwita kwa Kimeru. Mimi Kimeru nakiokota kwa kufananisha na cha kwetu, na haya niliyaelewa: alikuwa anamwambia aingie ndani, aache kuchezea nje, atalowa. Alikisema kwa sauti ya juu, ya kisichana, kama mtu anayemwita mdogo wake kutoka migombani. Hakikuwa na Tanga hata kidogo. Mama alishika nguzo ya mlango.

Elinami akajaribu kujibu kwa Kimeru. Kikamkatikia katikati. Akamalizia kwa Kiswahili.

"Nilikujua," akasema. "Siku ile. Ulipogeuka kwenda, nilikujua kwa mguu."

"Najua," Violet akasema.

"Unajuaje?"

"Nilisikia hukufunga geti."

Nilitegemea Elinami aseme neno, mwanaume anayesimamia watu arobaini barabarani. Badala yake akanipa mimi isale la dada yake nishike, akaenda kwenye uzio wa masale wa baba yake, akachagua jani, akalikata kwa mkono. Akaanza kulifunga fundo huku anarudi. Hajawahi kufunga isale maishani mwake, ilionekana. Alilizungusha vibaya, likafumuka, akalizungusha tena, likawa kitu kama kamba ya kiatu cha Blessing. Akamnyooshea hivyohivyo.

Violet akalipokea, akaliangalia. Akalifungua. Nikaona uso wa Elinami unaondokwa na damu, akidhani amekataliwa.

"Siyo hivyo, we mtoto," Violet akasema, kwa kile Kiswahili chake cha Tanga, akikivuta bila haya yoyote. "Njoo nikuoneshe."

Akalifunga upya, taratibu, ili aone. Kisha akamrudishia mkononi, akarudi nyuma hatua mbili, akasubiri apewe.